Mpaka wa Kenya na Tanzania 1977–1983: tuliufunga, tukaufungua, na geti moja bado lina kufuli

Mchuuzi wa Himo (mleta uzi)

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Kila mahindi yakikwama Namanga, au magari ya watalii yakizuiwa mahali, humu ndani hakosekani kijana wa kuandika: "Tuwafungie mpaka hao, watatutafuta wenyewe." Nimeyasoma maneno hayo miaka nenda miaka rudi, nikapita kimya. Leo naomba niseme, maana tuliwahi kuwafungia kweli. Si wiki mbili. Tangu Februari 1977 mpaka Novemba 1983. Ulipofungwa nilikuwa darasa la tatu, ulipofunguliwa nilikuwa nanyoa ndevu.

Kwa wasiojua, turudi nyuma kidogo. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, yaani Kenya, Tanzania na Uganda, ilianza Desemba 1967, makao makuu Arusha, na ilikuwa na mashirika makubwa manne: reli na ndege makao yake Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala. Januari 1971 kule Uganda Amin akampindua Obote. Mwalimu Nyerere akakataa kukaa na Amin meza moja, na kwa kuwa chombo cha juu cha Jumuiya kilikuwa ni marais watatu wenyewe, kikao hakikuitishwa tena. Mashirika yakabaki kama nyumba ambayo baba na mama hawasemezani, kila mmoja anaficha makusanyo yake chini ya godoro. Mwanzoni mwa 1977 Kenya ikaanzisha shirika lake la ndege. Tanzania ikajibu kwa kufunga mpaka. Magari ya watalii yenye namba za Kenya yaliyokutwa upande wetu yakazuiwa, ndege ndogo nazo vivyo hivyo.

Hoja yangu ya leo ni moja, msinitoe nje ya reli: ule haukuwa ugomvi wa ujamaa na ubepari. Matusi yalikuwepo, sisi tukiwaita jamii ya mtu kula mtu, wao wakitujibu kwamba kwetu mtu hana hata cha kula. Lakini msimamo wa Tanzania mezani ulikuwa kwamba mali ya Jumuiya igawanywe kwanza, ndipo mpaka ufunguliwe. Yaani mpaka uliwekwa rehani. Ulifungwa kwa sababu ya mali, ukafunguliwa mali ilipogawanywa. Katikati hapo miaka saba kasoro, sisi wa mpakani ndio tuliokuwa tunalipa riba.

Himo ni njia panda. Ukitoka Moshi, ukinyoosha unafika Holili na ng'ambo yake Taveta. Ukikata kulia unashuka Mwanga, Same, hadi Dar. Kabla ya hapo watu wetu walikuwa wanaenda soko la Taveta Jumatano na Jumamosi kama mtu anayekwenda kwa shemeji. Pakafungwa. Mwaka mmoja na nusu baadaye vita vya Kagera, halafu bei ya mafuta ikapanda dunia nzima, serikali ikawa haina fedha za kigeni. Wenye umri wangu mnakumbuka: sabuni, sukari, chumvi, dawa ya meno, betri za redio, vyote foleni. Viatu ni katambuga za tairi. Unga ni ule wa njano tuliouita unga wa Yanga. Duka la ushirika linapokea katoni mbili za sabuni, nje wamesimama watu mia tatu na wengine wamelala hapo tangu jana.

Na ng'ambo, mwendo wa miguu tu, maduka yamejaa.

Sasa niambieni, mama mwenye watoto sita, migomba inazaa na maharage yapo ghalani, atafanya nini? Mama yangu alijitwika kapu usiku, akashika njia ya kuelekea Chala, lile ziwa ambalo mpaka umepita katikati ya maji yake. Alfajiri amerudi na mche wa sabuni, mkebe wa Kimbo na viberiti. Alifanya hivyo miaka yote ile. Wakubwa wa magendo wao hawakutembea kwa miguu. Walikuwa na malori, na walijua zamu ya nani iko wapi. Kahawa ya mlimani ililala Tanzania ikaamkia Kenya. Aliyekamatwa mara nyingi ni mwenye kapu.

Ndiyo maana nawauliza nyie mnaotaka tufunge: mnataka kumfungia nani hasa? Naomba kuwasilisha.

Kahawa Chungu

Nimevuta kigoda. Mzee endelea, na ukimaliza utuambie siku ulipofunguliwa mlifanya nini.

Mchuuzi wa Himo

@Kahawa Chungu hiyo nitaileta. Ina kichekesho chake. Ngoja kwanza watu wanitukane.

Ngosha wa Nyegezi

Mzee heshima yako, sikutukani, ila umeipaka huruma sana hii hadithi. Umesahau upande wa pili. Kabla ya 1977 mtalii alikuwa anashuka Nairobi, analala Nairobi, anapanda gari la Nairobi na dereva wa Nairobi, anakuja Ngorongoro kupiga picha, anarudi Nairobi kulipa bili. Sisi tulibaki na vumbi la matairi. Malori yao makubwa yaliyokuwa yanapeleka mizigo Zambia yalitafuna barabara zetu. Viwanda vikubwa kwao, soko kwetu. Sasa mtu akinyonywa hivyo miaka kumi, halafu na ndege zinabaki kwa jirani, ulitaka Mwalimu afanye nini, atume barua?

Kufunga kulikuwa ni kusema "sasa basi". Nchi changa nayo ina heshima yake.

Taveta Kwetu

Niaje watu wa ng'ambo. Mimi ni wa Taveta, kijana tu, lakini hii story nimeisikia kwa guka, babu yangu, mpaka naijua kama sala.

Mzee wa Himo amesema kwetu maduka yalikuwa yamejaa. Ni kweli, lakini asiache mfikirie tulikuwa tunakula raha. Taveta ni kama kidole kimeingizwa Tanzania. Mji mkubwa wa karibu kwetu ulikuwa Moshi. Voi ilikuwa mbali, na barabara ya kwenda huko ilikuwa ya vumbi, katikati ya Tsavo, ndovu wakisimama barabarani gari nalo linasimama. Lami yenyewe tumeiona juzi tu. Kabla ya 1977 kulikuwa na treni kutoka Voi inapita Taveta mpaka Moshi. Mpaka ulipofungwa treni ikaishia hapo. Guka alikuwa na dada yake ameolewa upande wa Rombo. Aliolewa kwa mahari halali, mbuzi walihesabiwa, halafu serikali mbili zikafanya kutembelea mtoto wa dada yako ni makosa.

Kwa hivyo hao viongozi wa Nairobi pia walisema "watatutafuta wenyewe". Kenya ilipoteza soko la Tanzania na njia ya malori ya kwenda Zambia, na viwanda vya Nairobi viliisikia hiyo. Lakini kiwanda kinapata hasara kwenye kitabu. Guka alipata hasara ya dada.

Mtu wa Reli

Salaam. Nimefanya kazi reli maisha yangu yote, niliajiriwa bado ni ya Jumuiya. Nataka kuongezea pale kwenye mali, maana mleta uzi amegusa tu.

Jumuiya ilipovunjika, kila nchi ilishika kilichokuwa kimelala kwenye udongo wake usiku ule. Ndege nyingi zilikuwa Nairobi. Karakana kuu ya reli ilikuwa Nairobi. Wengine tulibaki na mabehewa mabovu, meli kadhaa za ziwani na bandari. Kila mmoja akajiona yeye ndiye aliyeibiwa. Benki ya Dunia ikamleta mpatanishi, Mswisi mmoja aitwaye Victor Umbricht, mwaka ule ule wa 1977. Yule mzee alizunguka miji mikuu mitatu miaka sita, anahesabu injini, magodauni, madeni, pensheni. Fikiria unagawa mirathi ambayo warithi watatu hawataki kukaa chumba kimoja, mmoja wao ni Amin, halafu katikati ya kugawa wawili wanapigana vita.

Mambo yalianza kulegea watu walipobadilika. Kenyatta alifariki Agosti 1978 akaingia Moi. Amin aling'olewa Aprili 1979, na mwisho wa 1980 Obote akarudi. Novemba 1983 Nyerere, Moi na Obote wakakutana Arusha, wakakubaliana mgawo, na mpaka ukafunguliwa hapo hapo. Mkataba wenyewe ulisainiwa Arusha Mei 1984. Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26.

Sasa sikilizeni utamu wake. Hesabu zilipopigwa, aliyeonekana ameshika pungufu ya haki yake ni Uganda. Kenya na Tanzania ndizo zilizotakiwa kumlipa fidia. Wawili waliofungiana mlango kwa kudai wameibiwa, wote wawili walikuwa wameshika zaidi.

Ngosha wa Nyegezi

Aisee. Hii ya Uganda sikuijua. Lakini bado, bila kufunga Kenya wangekubali kukaa mezani?

Mtu wa Reli

Kijana wangu, na tulipofunga walikaa mezani lini? Baada ya miaka sita. Rehani isiyombana mdaiwa ni mzigo wa kutunza tu. Kenya ilibanwa kidogo, sisi tulibanwa zaidi.

Dereva wa Kaskazini

Naomba nimuunge mkono Ngosha kidogo, kwa sababu mimi mkate wangu unatoka hapo.

Naendesha watalii kutoka Arusha. Nikiwa na wageni kaskazini mwa Serengeti, Lobo au Kogatende, wanaiona Kenya kwa macho. Swali ni lile lile kila safari: "Mbona hatuvuki hapa?" Pana geti linaitwa Bologonja, ng'ambo yake ni Sand River, Maasai Mara. Kabla ya 1977 magari yalikuwa yanapita hapo. Mpaka ulipofunguliwa 1983, Namanga ikafunguliwa, Holili, Horohoro, Sirari, kote kukafunguliwa. Bologonja haikufunguliwa kwa watalii mpaka leo. Nyumbu kwa maelfu wanavuka kila mwaka bila pasipoti. Mgeni wangu lazima azunguke.

Na mimi nasema libaki na kufuli. Likifunguliwa, ramani ya safari inarudi kuwa ya Nairobi: asubuhi Mara, mchana Serengeti, jioni amerudi Kenya, na mimi na wapishi wangu na wabeba mizigo tunabaki kuangalia. Mwaka 1985 walikubaliana magari ya watalii ya kila nchi yaishie wapi, ya Kenya hayaingii hifadhini. Desemba 2014 Kenya walipozuia magari ya Tanzania kuchukua wageni uwanja wa ndege wa Nairobi, sisi tulilia, lakini tulielewa mchezo. Serikali yetu ikapunguza safari za Kenya Airways kutoka 42 kwa wiki hadi 14. Machi 2015 Kikwete na Uhuru wakakutana Windhoek kwenye sherehe ya kuapishwa rais wa Namibia, na mambo yakaisha. Miezi mitatu. Kubana kulifanya kazi.

Mzee wa Himo, hapo unasemaje?

Mchuuzi wa Himo

Hapo umenibana, na mtu mzima akibanwa anakubali.

Nakubali kwamba kufuli la Bologonja linalinda mkate wa watu wa Arusha. Nakubali pia ile ya 2015. Lakini itazame vizuri: walibana kitu kimoja, kinachowauma wenye mamlaka moja kwa moja, kwa muda mfupi, na kila upande ulijua unataka nini ili ufungue. Hakuna mama wa Himo aliyekosa sabuni kwa sababu Kenya Airways imepunguziwa safari. 1977 tulifunga kila kitu, treni, lori, kapu na harusi, kwa ajili ya ndege zilizokuwa Nairobi.

Na hata hilo la utalii msilisimulie kama vile tulifunga leo kesho Arusha ikang'aa. Uwanja wa Kilimanjaro ulikuwepo tangu 1971. Mpaka ulipofungwa watalii wa kaskazini walipungua sana, hoteli zilizojengwa zikitegemea wageni wa kutoka Mara zikawa zinahudumia nyani. Huu utalii unaouona wewe umekuja miaka ya 1990, biashara ya watu binafsi iliporuhusiwa. Kufuli lilizuia maji yasitoke, lakini kisima kilichimbwa baadaye, na kwa jembe lingine.

Ila geti lako liache. Sina ugomvi nalo.

Bint Ujiji

Habari zenu jamani. Mnaongea kama vile vikwazo vilikuwa vya Kilimanjaro peke yake. Na sisi Kigoma tuna yetu, tena sisi ndio tuliomfungia mnyonge.

Tarehe 25 Julai 1996 Buyoya alipindua Burundi. Tarehe 31 viongozi wa ukanda huu wakakutana Arusha, wakakubaliana kuiwekea Burundi vikwazo vya uchumi: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Zaire na wengine. Masharti yalikuwa Bunge lirudi, vyama viruhusiwe, na mazungumzo na pande zote yaanze. Mwalimu ndiye aliyekuwa msuluhishi. Kwenye karatasi ilikuwa safi kabisa, Waafrika wanakataa mapinduzi bila kusubiri mzungu, na mimi hadi leo najivunia hilo.

Lakini Burundi haina bahari. Mizigo yake inapita Dar, inapanda reli hadi Kigoma, inaingia majini hadi Bujumbura. Ukifunga Kigoma umemkaba koo. Baba alikuwa anauza chumvi ya Uvinza na dagaa kule. Alikaa na magunia mpaka yakaloa. Bujumbura bei zikapaa, petroli ikawa inaingia kwa njia za panya na kuuzwa kwa bei ya dhahabu. Wenye bunduki na vyeo walipata mafuta ya magari yao, na wapo waliotajirika humo humo kwa kuyaingiza. Mkulima wa kahawa kule Ngozi, Burundi, ndiye aliyekosa mbolea. Aprili 1997 viongozi wenyewe wakaona, wakalegeza kwa chakula na dawa na vitu kama hivyo. Mazungumzo ya Arusha yakaanza Juni 1998. Tarehe 23 Januari 1999 vikasimamishwa.

Sasa je, vilifanya kazi? Wapo wanaosema bila vile Buyoya asingekuja mezani. Huenda. Mkataba ulisainiwa Agosti 2000, Mwalimu akiwa ameshatutoka tangu Oktoba 1999, Mandela ndiye aliyeumalizia. Siwezi kuwaambia watu walioacha kuuana kwamba haikuwa na maana. Ninachojua ni kwamba waliokubaliana kufunga walikula chakula cha jioni siku hiyo kama kawaida.

Taveta Kwetu

@Bint Ujiji hiyo sentensi ya mwisho naipeleka kwa guka.

Kibopa

Samahani wakubwa, mimi nimechelewa. Kwa hiyo mpaka ulipofunguliwa 1983 ndiyo bidhaa zikajaa madukani Tanzania? Maana baba yangu husema "Mzee Ruksa (Mwinyi) alileta sabuni", mama anasema ni mpaka, shangazi anasema ni Sokoine. Nyumbani kwetu hili swali linavunja sikukuu.

Mtu wa Reli

Wote watatu wamekosea, na wote wana kipande.

Sokoine alirudi uwaziri mkuu Februari 1983, na mwezi uliofuata ikaanza kampeni ya uhujumu uchumi. Walanguzi walikamatwa, walioogopa walitupa vitenge na sabuni vichakani usiku, nyingine zikaokotwa na mbuzi. Sabuni zilionekana siku chache, kisha zikatoweka kabisa, kwa sababu yule uliyemkamata ndiye aliyekuwa anazileta. Miezi minane baadaye mpaka ukafunguliwa. Lakini mpaka kufunguliwa maana yake ni kwamba mtu anaweza kupita. Bidhaa bado zilihitaji leseni ya kuingiza na fedha za kigeni kutoka benki, na benki haina. Kilichojaza maduka ni bajeti ya Juni 1984: serikali ikaruhusu mtu alete bidhaa kwa fedha zake mwenyewe za kigeni, bila kuulizwa amezipata wapi. Hapo ndipo wale wale wa kahawa iliyoamkia Kenya wakatoa dola zao mafichoni. Mzee Mwinyi aliingia 1985, akayakuta, akayapanua, sifa akapewa yeye.

Mwambie shangazi namheshimu, lakini ni bajeti.

Kibopa

Naipeleka Krismasi. Nikirudi na jicho jeusi mjue.

Ngosha wa Nyegezi

Kwa hiyo mzee, tukubaliane tu. Tusifunge kamwe? Wao Machi 2021 walipozuia mahindi yetu kwa kisingizio cha sumu kuvu tukae tunawaangalia?

Mchuuzi wa Himo

Sumu kuvu ipo, usiiite kisingizio. Nimeuza mahindi miaka thelathini, najua gunia lililolala na unyevu linanukaje. Lakini kuzuia nchi nzima kwa gunia la mtu mmoja ni kitu kingine. Na hata sisi si malaika. Mwaka 2017 tulichoma vifaranga 6,400 kutoka Kenya pale Namanga, wazima wazima, na ng'ombe wa Wamasai wa Kenya zaidi ya elfu moja tukawapiga mnada. Mmasai ambaye malisho yake hayajawahi kusoma ramani.

Ile ya mahindi ya 2021 ilidumu siku chache, wakalegeza kwa masharti. Mei, Mama Samia akaenda Nairobi, malori yaliyokwama yakaamriwa yapite. Siku chache dhidi ya miaka saba. Kwa nini tofauti hiyo? Kwa maoni yangu, siku hizi kuna mahali pa kupeleka malalamiko. Jumuiya mpya ya 1999 ina sekretarieti, ina mahakama Arusha, pana kituo cha pamoja cha forodha Holili na Taveta tangu 2016 na Namanga tangu 2018, afisa wa Kenya na wa Tanzania wanakaa jengo moja wanaazimana kalamu. Mwaka 1977 aliyekuwepo ni rais na rais, nao hawasemezani.

Kwa hiyo Ngosha, mwenye haki ya kugomba agombe. Ila agombe akiwa na mtu wa kumpigia simu.

Taveta Kwetu

Kituo cha pamoja kipo, kweli. Lakini mzee, treni bado. Ile ya Voi mpaka Moshi siku hizi haipiti. Mpaka uko wazi, treni imesahaulika. Guka alingoja mpaka akachoka. Siku hizi akisikia honi ya lori huuliza ni treni, sijui ni utani ama ni uzee.

Mtu wa Reli

Ni utani. Mtu aliyeisikia honi ya treni haichanganyi.

Kahawa Chungu

Mzee wa Himo, unadaiwa. Siku ya kufunguliwa. Kigoda kimeanza kuniuma.

Mchuuzi wa Himo

Haya.

Redio ilitangaza, Himo yote ikatoka nje. Vijana wengine walipanda baiskeli wakaenda hadi Holili kuona tu kizuizi kikiinuliwa. Wazee walikuwa wanalia, siwafichi. Mimi nilikimbia nyumbani kumwambia mama, nikidhani atafurahi kuliko watu wote: miaka yote ile anatembea usiku, anajificha migombani, mara moja jamaa mmoja mwenye bunduki alimwaga maharage yake yote kwenye matope akaondoka na kapu. Sasa anaweza kupita mchana, mbele ya bendera, kama mtu.

Nikamkuta anapura maharage. Nikamwambia mama, wamefungua, Jumatano tunakwenda Taveta kwa barabara.

Akaendelea kupura. Halafu akaniuliza: "Pale getini kuna watu wa ushuru?"

Nikasema wapo, mama, forodha imerudi kazini, nimewaona na meza na vitabu vyao.

"Na ukirudi na sabuni wanataka leseni?"

Nikasema ndiyo, nimesikia wanataka.

Jumatano alijifunga khanga, akaniwekea chai, akajitwika kapu. Nikamfuata hadi njia panda nikijua anaelekea Holili. Alipofika pale akasimama, akatazama barabara ilivyojaa watu, akasema "waache wafurahi", akakata kushoto kwenye njia yake ile ile ya Chala.